Mchuzi wa Bamia Mpaka Kuluba

Haya yote ni kweli tupu, tangu neno la kwanza mpaka nukta ya mwisho. Kama nimeongeza hata chembe moja ya chumvi, basi meno manne yaliyobaki kinywani mwangu yaanguke leo, kabla sijaigusa nyama niliyowekewa jikoni. Najua wapo watu wa Arua watakaowanong'oneza kwamba mimi ndiye yule mzee aliyesema alivuka mto Enyau amepanda kiboko. Ile ni habari nyingine, na kiboko mwenyewe mpaka leo hajakanusha. Hii ni ya Hamuza na mke wake Bushira, mpishi wa harusi, na haihitaji kiungo chochote.

Jumamosi moja, mchuzi wa Bushira ulifika kwenye harusi moja kule Adumi ukiwa nusu sufuria. Nusu ya pili ilikuwa mapajani mwa mjomba wa bwana harusi, aliyekuwa amepewa lifti nyuma pamoja na chakula.

"Mimi nilikuja kula mchuzi ya harusi," mjomba alisema, ameshika kanzu yake mbele kama mtu aliyebeba mtoto mchafu. "Sikukuja kuvaa."

Gari lao lilikuwa Landikruza kuukuu, refu, la rangi ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Kwa nguvu halikuwa na mpinzani. Lilipanda vilima vilivyoshinda punda, na lilitoka kwenye tope ambalo malori yalilala wiki. Ila kwenye kona lilikuwa na ugonjwa. Sisemi liliinama. Lililala. Siku ile ya Adumi niliona kwa macho yangu kioo cha pembeni kikichuma majani ya maharage shambani kwa watu, na mbuzi aliyefungwa kando ya njia akatazamana na Hamuza pua kwa pua. Nadhani walisalimiana.

Wenye harusi hawakupiga kelele. Afadhali wangepiga. Walimletea Bushira beseni, kipande cha sabuni na ile kanzu, wakamwonyesha mahali pa kukaa, palepale mbele ya turubai la wageni. Mpishi akafua huku watu wakila alichopika. Kila aliyekwenda kunawa mikono alimpita, akasema pole, akatabasamu.

Anguyo, mwenye kigari cha kukodi cha kubebea abiria, alisimama kando yake, sahani mkononi.

"Mama Shakira, chakula yako iko tamu sana," alisema, anatafuna. "Siku nyingine leta kwa gari yangu. Hiyo ya bwana yako iko ya kubeba mawe. Mawe haimwagiki."

Bushira alikamua kanzu mpaka mishipa ya mikono ikasimama. "Anguyo," alisema bila kuinua kichwa, "kula haraka. Naweza kukosea nikafua na wewe."

Wakaanza safari ya kurudi nyumbani. Hamuza aliendesha polepole kama anapeleka maiti, na bado kwenye kila kona sufuria tupu zilihama upande huu kwenda upande ule, zikigongana, zikimcheka.

Msiba haukuishia hapo. Binti yao, Shakira, alikuwa ameposwa na kijana wa Kuluba, kule mbele ya Koboko, anaitwa Muzamili. Aliyemlea Muzamili ni shangazi yake, Zuhurah, mwanamke mwenye sauti ya sajini. Alipiga simu Jumatatu asubuhi. Bushira alikuwa na unga mikononi, kwa hiyo akaiweka simu juu ya kinu, sauti wazi, na nyumba nzima ikasikia.

"Bushira, salaam alekum. Sisi tulisikia habari ya Adumi."

"Habari gani, dada yangu?"

"Habari ya kanzu."

Bushira alifumba macho. Zuhurah akaendelea, taratibu, kama anayesoma amri ya kambini. "Kwa nyumba yetu, chakula ya mama ya bibi arusi inapikwa kwa jiko yake mwenyewe. Haipikwi kwa jiko ya wakwe. Unaleta kwa sufuria, juu unafunika na kawa. Mimi mwenyewe natoa kawa, moja moja, watu wote wanaona. Kawa ikiwa kavu, tunapiga vigelegele. Ikiwa na mchuzi ndani, mimi nashika na mkono wa kushoto, naweka pembeni. Sisemi kitu. Watu wenyewe watasema."

"Nimesikia, dada."

"Na wamama ya Koboko yote watakuwa hapo. Harusi ya mwaka hii iko mingi. Wanatafuta mpishi." Simu ikakatika.

Kawa zile mnazijua, kama mmewahi kula kwa Wanubi: zimesukwa kwa rangi nyekundu, kijani, zambarau, kama kofia za wafalme. Tone la mchuzi likiingia kwenye ule msuko, huonekana kama damu kwenye shuka.

"Mama," Shakira alisema kutoka ndani, "si upike tu vitu vikavu? Wali, nyama ya kukaanga, chapati za gurusa."

"Bila mchuzi wa bamia?" Bushira aligeuka. "Waniulize kama wewe nilikuzaa au nilikuokota?"

"Tukodi gari la Anguyo, basi."

Hamuza, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda, alitikisa kichwa. Lami iko mpaka Koboko, sawa. Lakini kutoka pale kwenda Kuluba ni marram, njia ya udongo na changarawe, na mvua ilikuwa imekata njia katikati, imeacha korongo. Kigari cha Anguyo kingekaa juu ya tumbo lake kama kobe. "Ni Landikruza," alisema, "au ni kichwa."

"Basi itengeneze," Bushira alisema. "Au nitabeba kwa kichwa kweli, na wewe utatembea nyuma yangu umeshika kawa."

*

Wakaenda kwa Tongun.

Garaji la Tongun liko njia ya Ombaci, chini ya mabati matatu. Alikimbia vita Yei, kule Sudani Kusini, na kisanduku cha spana, na kama mnataka fundi mnyenyekevu, msipite kwake. Tongun humsifu Mungu asubuhi na kujisifu mwenyewe siku nzima. Alisukuma pembe ya gari kwa mkono mmoja, gari likacheza kama mtumbwi. Akaingia chini. Akakaa huko muda wa kutosha kuvuta sigara mbili, kisha akatokeza kichwa.

"Mzee Hamuza. Stabilaiza ya nyuma iko wapi?"

Hamuza alijikuna shingo. "Niliondoa."

"Uliondoa!"

"Ilikuwa napiga kelele. Ko-ko-ko, ko-ko-ko. Wakati ile tulikuwa napeleka simiti Yei, madereva yote waliondoa. Gari ikanyamaza."

"Hata mutu ukimkata kichwa ananyamaza," Tongun alisema.

Bushira aliuliza hiyo stabilaiza ni kitu gani. Tongun akapiga magoti, akachora mavumbini kwa kidole: chuma kirefu cha mviringo, kimenyooka katikati, ncha mbili zimekunjwa kama pembe za ng'ombe. "Inalala chini, inafunga mguu ya kushoto na mguu ya kulia. Gari ikiwa kwa kona, mguu moja inataka kupanda peke yake. Hii chuma inakataa. Inasema, ndugu yangu, twende pamoja."

Bushira alikitazama kile kichoro. Akainama zaidi. Kisha akanyooka na kumtazama mume wake kwa namna ambayo ingenyamazisha gari bila kuondoa chochote.

"Iko kwa jiko yangu," alisema.

Na ilikuwa kweli. Hamuza, mtu asiyetupa kitu, alikuwa amekilaza kile chuma juu ya mafiga mawili marefu, na Bushira alitundika sufuria zake juu yake, harusi baada ya harusi.

"Yaani mimi natundika mchuzi kwa chuma ya kuzuia mchuzi kumwagika," alisema polepole, "halafu napakia mchuzi kwa gari haina chuma?"

"Kwa jiko ilifanya kazi mzuri sana," Hamuza alijitetea.

Walikileta, cheusi kwa masizi. Hamuza alitumaini mambo yameisha: wakisugue, wakifunge, waende nyumbani. Tongun alikibana ncha moja kwenye jiliwa, akaegemea ncha ya pili kwa uzito wake wote. Kikajipinda. Akakiachia. Kikabaki vilevile, kimejipinda.

"Imekufa," alisema, na safari hii hakutania. "Hii chuma ni springi. Ukiipinda, inarudi. Lakini moto ya kila siku imetoa roho yake. Hata ingekuwa mzima, ilikuwa nyembamba kwa mzigo yenu. Tutaweka nene."

Alipata chuma kinene, karibu cha unene wa kifundo cha mkono wa mtoto, kutoka gari zito lililopinduka na kuuzwa vipande vipande. Bushi za kukishikilia alizichonga mwenyewe kwa mpira wa tairi la lori, akizipima kwa jicho, akizinyoa kwa kisu kama mtu anayemenya muhogo. Hela hazikutosha, hilo mlilijua. Bushira alisema deni litalipwa kwa sufuria: Tongun alikuwa na mtoto wa kubatizwa, na ubatizo huo ungepikwa naye bure. Tongun akauliza kama bure hiyo ina nyama. Bushira akasema inategemea na kona.

Jaribio la kwanza lilifanyika mchana, kwenye mpindo wa marram kule Ombaci. Sufuria kubwa ya maji ilikaa nyuma. Hamuza kwenye usukani, Tongun kando yake, Bushira amesimama njiani na mikono kiunoni. Gari likaja kwa kasi, likaingia kwenye kona, na wallahi lilisimama wima kama askari kwenye gwaride. Bushira akafungua mdomo kupiga kigelegele. Ndipo makalio ya gari yalipoamua kutangulia. Nyuma ikateleza kwenye changarawe, gari likazunguka, na likasimama likiwa limetazama lilikotoka, likitazamana na vumbi lake lenyewe. Maji yote yalikuwa kichwani mwa Tongun.

"Mimi nilijua," Tongun alisema aliposhuka, anajikung'uta. "Nilitaka muone ugonjwa ya pili."

"Kama ulijua," Bushira alimwuliza, "kwa nini nimesikia unapiga shahada, na wewe Mkristo?"

Lakini nampa haki yake. Mtu mwingine angelaumu barabara, au dereva, au shetani. Tongun alikaa chini palepale njiani, nguo zinachuruzika, akafikiri. Nyuma alikuwa ameifanya ngumu, na mbele bado palikuwa na kichuma chembamba cha zamani. Mbele ilikuwa inajipinda, nyuma inakataa, kwa hiyo nyuma ikaachia njia. Gari ni kama nyumba, alisema, mkali akiwa mmoja tu, mwingine anatoka nje. Akatafuta chuma kinene cha mbele pia. Cha nyuma akakitoboa tundu la pili karibu na ncha, ili mkono wake uwe mrefu zaidi na ukali upungue kidogo. Na kwenye viungo alivyofungia ncha, badala ya boliti, akaweka pini za kuchomoa kwa mkono, kama zile za trela.

"Kwa barabara, muifunge," alisema. "Kwa korongo, muifungue. Kwa korongo kila mguu inatakiwa itembee peke yake. Mukisahau, musinitafute."

*

Siku ya safari, Bushira alianza kupika kabla ya adhana ya alfajiri, kwenye chuma kilekile kilichokufa. Alikataa kukitupa. Sufuria zilipangwa nyuma ya gari, juu ya majani ya migomba, kila moja na kawa yake: wali, nyama kwa samli, maharage, gurusa, kuku, na ya mwisho, karibu na mlango, mchuzi wa bamia kavu, umejaa hadi ukingoni. Hamuza aliposema upunguzwe kidogo, alijibiwa kwamba sufuria nusu imeshawahi kwenda Adumi na habari zake zinajulikana.

Sasa nisikilizeni vizuri. Hamuza alikamata usukani. Bushira alikaa nyuma na sufuria, miguu imetanda, mkono mmoja juu ya bamia.

Lami ya Koboko ililiwa kama gurusa. Kona zilikuja, gari likazipokea limenyooka, na Hamuza akaweka kikombe cha chai juu ya dashibodi, kimejaa, hakikutikisika hata mawimbi. Madereva wa malori walisimama pembeni kushangaa. Mmoja alivua kofia.

Mjini Koboko wakakunja, wakaingia marram. Na kabla ya Kuluba, lile korongo.

Hamuza aliliingia mshazari, kama walivyofanya siku zote. Chuma kipya kilifanya kile kilichofundishwa: kikakataa. Gurudumu la mbele kushoto lilishuka, la kulia likavutwa nalo, la nyuma likaning'inia hewani likizunguka bure, na gari likasimama kwa miguu mitatu kama mbwa kwenye nguzo. Nyuma, majani ya migomba yalianza kuteleza. Sufuria ya bamia ikasogea. Bushira aliikumbatia kwa kifua. Mchuzi ukapanda ukingoni upande mmoja, ukavimba, ukabaki pale ukifikiri.

Hapo ndipo mtu huonekana. Kukanyaga mafuta kungekuwa kumwaga kila kitu. Kurudi nyuma kungekuwa vilevile. Hamuza alizima injini. Alishuka, akalala tumbo kwenye tope na kanzu yake ya harusi, akachomoa pini, moja, ya pili, ya tatu, ya nne. Gari lilishusha pumzi. Kila gurudumu likapata ardhi yake. Kisha alipanda, akaweka gia ya chini kabisa, akalitembeza gari bila kukanyaga mafuta, guu kwa guu, kama mwanamke aliyebeba mtungi anavyopita juu ya magogo. Ng'ambo ya pili alishuka tena, akarudisha pini zote, akajifuta uso, akasema bismillahi, wakaendelea.

Nilikuwa miongoni mwa wageni Kuluba walipofika. Zuhurah alisubiri mbele ya safu ya mikeka, wamama wa Koboko wamekaa nyuma yake kama mahakama. Akainua kawa ya wali. Kavu. Ya nyama. Kavu. Maharage, gurusa, kuku. Kavu. Alipofika kwenye bamia alisimama. Akainua kawa, akaigeuza juani, akapitisha kidole kwenye kila mzunguko wa msuko, kuanzia ukingo mpaka kileleni. Akakitazama kidole chake. Shakira, chini ya shela yake, alikuwa ameshika pumzi mpaka shela haikutikisika.

"Bushira," Zuhurah alisema, "ulibeba hii kwa kichwa?"

"Kwa gari, dada yangu."

"Gari gani?"

"Ile ya mawe."

Vigelegele vilivyopigwa pale vilisikika ng'ambo ya mpaka, na ng'ombe wa Sudani Kusini wakaacha kula. Jioni, wamama watatu walimvuta Bushira pembeni kuuliza ana nafasi lini. Na Hamuza, shujaa wa korongo, alikaa kati ya wazee, akisimulia jinsi alivyofanya.

*

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiisimulia, kwenye benchi la mbele ya duka la Rabia hapa Arua, na kila nilipofika kwenye korongo watu waliniagizia chai ya pili. Hamuza mwenyewe alikuwa kando yangu, anakunywa chai ileile, anatikisa kichwa kwa unyenyekevu. Nilikuwa nimefika pale anapolala tumbo kwenye tope.

"Endelea, Mzee Alionzi," ilisema sauti nyuma yetu. "Hapo iko tamu."

Bushira alikuwa amesimama na kapu la sokoni. Hamuza akaanza kutafuta kitu chini ya benchi.

"Mzee, nakuuliza mbele ya watu. Siku ile Kuluba, gari iliposimama, wewe uliona nani anashuka mlango wa dereva?"

Nikakohoa. "Macho yangu, mama, siku zile..."

"Macho yako iliona chapati ya Rabia kutoka sokoni. Nani?"

Watu wote wa benchi walinigeukia. Nikasema kwamba, kwa kadiri ninavyokumbuka, kulikuwa na gauni.

"Gauni ya nani?"

"Yako."

"Na tope ilikuwa kwa nguo ya nani?"

"Yako pia."

"Na huyu?" Alimwonyesha mume wake kwa kidevu.

Hapo Hamuza alisema mwenyewe, kutoka chini ya benchi. "Mimi nilikuwa nyuma. Nilishika bamia." Akaongeza, kwa sauti ndogo, "Tangu Ombaci, ile siku gari ilizunguka, mimi mikono inatetemeka. Yeye akasema, leta ufunguo. Korongo ilipotukamata, mimi nilikuwa nasoma dua. Yeye ndiye alikumbuka pini."

Watu wa benchi walimtazama Bushira, halafu Hamuza. Kisha mtu akaanza kucheka, na mwingine, na nikajua chai yangu ya bure imefikia mwisho wake.

"Kwa nini, Mzee?" Bushira aliniuliza. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lilinichoma. "Kitu kilikuwa kweli. Kilikuwa kizuri. Kwa nini ulinitoa kwa usukani?"

Nilitazama kikombe changu cha chai. Nikasema nilidhani watu hawatasadiki.

"Kiboko walisadiki," alisema.

Hakutaka radhi. Radhi, alisema, hailiwi. Kesho yake alikuwa na harusi Logiri, na vitunguu vilikuwa gunia zima.

Kwa hiyo nimekaa uani kwake, kisu mkononi, Hamuza kwenye kigoda cha pili, gunia katikati yetu, na machozi yananitoka kama mjane. Majirani wakichungulia nawaambia ni vitunguu, na kwa mara ya kwanza hakuna anayeniamini ninaposema kweli. Bushira amepita na ufunguo mkononi, amekagua beseni letu, amesema tunamenya maganda manene mno, kitunguu kinachobaki ni cha kulisha sungura. Akapanda garini. Lilitoka getini, likakunja kona ya msikiti limesimama wima, halikumwinamia mtu.

"Ungesema tu siku ile nilikuwa mgonjwa," Hamuza amenong'ona.

"Kimya," nimemwambia. "Menya."